Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anayeona Nyuso Tatu za Sanduku Lenye Sita

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Mombasa zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini mwanafunzi wa Gredi ya 7, ya 8 au ya 9, anayejua kuzidisha urefu kwa upana kwa kimo, hukwama anapoonyeshwa picha ya umbo na kuulizwa upande wa nyuma kuna nini. Nimezichagua chache, nikazifupisha, na kuzijibu kwa mfuatano ambao naona utamfaa msomaji.

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Binti yangu yuko Gredi ya 8. Hesabu za ujazo anazifanya bila shida, lakini mtihani wa muhula ulipowapa picha ya masanduku yaliyopangwa kwa rundo na kuwauliza ni mangapi, alihesabu yale yanayoonekana tu. Swali lililofuata lilikuwa na mchemraba uliokunjuliwa, kila uso una herufi yake, nao wakatakiwa waseme herufi ipi itakabiliana na ipi utakapokunjwa. Hilo aliliacha wazi. Nimeambiwa shuleni kwamba mtoto huyu hana jicho la jiometri. Je, jicho hilo mtu huzaliwa nalo? Nami ambaye kazi yangu ni kupika na kuuza mahamri, nimsaidie vipi nyumbani? Mama, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, Mama. Hilo la kuzaliwa nalo usilipokee. Watoto hutofautiana, ni kweli, lakini uwezo wa kuliona umbo akilini na kuligeuza huko huko akilini hukua kwa mazoezi. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 217 kuhusu mafunzo ya aina hii, na walichokiona ni kwamba watu wa kike kwa wa kiume, wadogo kwa wakubwa, hunufaika, tena faida yenyewe haipotei mara mafunzo yanapokwisha. Binti yako hana upungufu wa akili. Hajafundishwa kusoma picha, basi.

Nasema kusoma kwa sababu picha ya mchemraba iliyo kitabuni ni mapatano ya wachoraji, si mchemraba. Mchemraba wenyewe una nyuso 6, zote za mraba, na pembe za kila uso ni za nyuzi 90. Ukichorwa kwa mtindo wa vitabu vingi, uso wa mbele peke yake ndio unaobaki mraba. Wa juu na wa ubavuni hugeuka misambamba, yaani maumbo ya pande nne yaliyoinama, ambayo pembe zake, ukizipima kwa kipimapembe, utakuta ni za nyuzi 45 na 135, na nyuso tatu zilizosalia hazionekani kabisa. Mtoto akisema kwamba pembe ile si ya nyuzi 90, anasema kweli kuhusu karatasi. Ni sisi watu wazima tuliokwisha kuzoea ndio tunaoitazama karatasi na kuona sanduku.

Basi mrudishe kwenye sanduku lenyewe. Tafuta boksi dogo la karatasi ngumu, la dawa ya meno au la sabuni, ulitoe vile vikunjo vya ndani vinavyopakwa gundi maana vitamchanganya, kisha uyafunge maungio kwa selotepu. Mpe mkasi mkononi, lakini kabla hajakata muulize: sanduku hili lina kingo 12, nikitaka lilale bapa mezani likiwa kipande kimoja kisichoachana, nikate kingo ngapi? Aandike jibu lake kwenye karatasi. Ndipo akate. Atakuta amekata kingo 7, na akilirudia zoezi hilo kwa boksi jingine na kukata kwa mpangilio tofauti kabisa, bado zitakuwa 7. Mwache aitafute sababu mwenyewe siku mbili tatu. Sababu ni kwamba nyuso 6 zinahitaji maungio 5 ili zishikane bila kuunda duara lililofunga, na 12 ukitoa 5 ni 7.

Hapo penye kuandika jibu kabla ya kukata ndipo penye mafunzo yote, Mama, na nitapataja tena na tena katika majibu yanayofuata hata wengine wachoke. Mtoto anayekabidhiwa sanduku akalikata tu amecheza na karatasi. Aliyetangulia kukisia, kisha akaona kisio lake likithibitika au likivunjika mbele ya macho yake, ndiye aliyelazimika kulijenga umbo akilini, na ndiye atakayelijenga tena siku ya mtihani ambapo hakuna mkasi.

Kuhusu herufi zinazokabiliana, mwandikie A, B, C na D kwenye miraba minne iliyo katika mstari mmoja, na E na F kwenye miraba miwili ya kando, mmoja juu ya mstari na mmoja chini yake. Akishakunja mara kadhaa, atagundua kwamba katika mstari mnyoofu uso hukabiliana na ule ulioruka mmoja: A na C, B na D. E na F hawana wengine wa kukabiliana nao isipokuwa wao kwa wao. Mwambie kisha achore dadu ya ludo ikiwa imekunjuliwa na aweke nukta zake mwenyewe, akijua kwamba katika dadu ya kawaida nyuso zinazokabiliana hujumlisha 7. Akimaliza, akunje na alinganishe na dadu ya kweli.

Na lile rundo la masanduku ni rahisi zaidi. Mpangie viberiti mezani, viwili vitatu vikiwa juu ya vingine, akae upande mmoja asisimame. Akihesabu vinavyoonekana tu, muulize kile cha juu kimekalia nini, kwa maana kiberiti hakielei hewani. Baada ya hapo mfundishe kuchora sakafu ya rundo kana kwamba anaitazama kutoka darini, na ndani ya kila mraba aandike idadi ya viberiti vilivyosimama mahali hapo. Akijumlisha namba hizo amepata jibu, na hakuna kilichojificha.

Nawe usijidharau kwa kazi yako. Ukishasukuma donge la mahamri likawa duara, kabla hujalikata vipande vinne vilivyo sawa, kupitia katikati, muulize kila kipande kitakuwa na umbo gani. Wengi husema pembetatu. Mwache akitazame kipande: kina pande mbili zilizonyooka, pembe moja ya nyuzi 90, na upande wa tatu uliopinda. Je, hiyo ni pembetatu? Abishane nawe hadi mafuta yapate moto.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 60, kipindi ni dakika 40, na shule haina maumbo ya mbao wala ya plastiki. Mtaala wa umilisi unataka wanafunzi watengeneze maumbo na kuyakunjua, lakini mwishowe huwa naandika kanuni ubaoni nao wananakili. Wanazikariri vizuri, ila swali likigeuzwa kidogo tu wanapotea. Nifanyeje? Mwalimu, Changamwe.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, unayoyaeleza yalielezwa katika kazi ya walimu wawili wa Uholanzi, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, ambao mwaka 1957 walitoa tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walikuwa wakiwafundisha vijana wa sekondari na kushangaa, kama unavyoshangaa wewe, kwamba mwalimu na mwanafunzi huweza kutumia maneno yale yale kila mmoja akiwa na maana yake. Wakaona kwamba fikra za jiometri hupanda kwa ngazi. Katika ngazi ya kwanza mwanafunzi hulitambua umbo kwa sura yake yote: huu ni mraba kwa sababu unafanana na mraba. Katika ya pili huanza kuona sifa, yaani pande nne zilizo sawa na pembe nne za nyuzi 90. Katika ya tatu huziunganisha sifa hizo, akaona kwamba kila mraba ni mstatili pia na kwamba si kila mstatili ni mraba. Zipo ngazi mbili juu ya hizo, za uthibitisho, ambazo kwa darasa lako tuziache. Walichosisitiza ni kwamba ngazi hairukwi, wala haipandi kwa umri peke yake bali kwa mafunzo. Kanuni unazoandika ubaoni ni lugha ya ngazi ya tatu, na wanafunzi wako wengi bado wako kwenye ya kwanza. Hawana njia ila kukariri.

Kujua wako wapi hakuhitaji mtihani. Chora mraba ubaoni kisha uchore mwingine ule ule ukiwa umesimama juu ya kipeo chake kimoja, yaani kona. Waulize wa pili ni nini. Watakaosema ni tiara, au kwamba si mraba tena, wanakuonyesha kwamba bado wanatambua sura na hawajafikia sifa.

Sasa, kwa wanafunzi 60 na daftari la miraba ambalo kila mmoja analo, ninalopenda zaidi ni zoezi la miraba mitano. Wagawe watano watano. Kila kundi litafute maumbo yote yanayoweza kutengenezwa kwa kuunganisha miraba 5, ubavu mzima kwa ubavu mzima, na umbo likigeuzwa au kupinduliwa lisihesabiwe mara ya pili. Yako 12 tu. Kubishana kama hili ni lile lile lililogeuzwa tayari ni mazoezi makubwa ya kuzungusha maumbo akilini, kwa hiyo usiharakishe kuwakatiza. Kipindi cha pili, waulize ni yapi kati ya hayo 12 yanayoweza kukunjwa kuwa sanduku lisilo na kifuniko. Kila mwanafunzi atie alama ya ndiyo au la kwenye daftari lake, kwa kalamu na si kwa penseli, kabla mkasi haujaonekana darasani.

Manane hukunjika. Manne hayakunjiki, na mimi nikifundisha nakaa na hayo manne kuliko yale manane, kwa sababu kila moja linashindwa kwa namna yake. Mstari wa miraba mitano unashindwa kwa kuwa mraba wa tano unarudi kuufunika wa kwanza. Lile lenye miraba minne iliyoshikana kama dirisha haliwezi hata kuanza kukunjwa, maana katika kila kipeo cha mchemraba hukutana nyuso tatu tu, si nne. Lile la umbo la herufi U lina miraba miwili ya ncha inayogombea ukuta mmoja. La mwisho, lenye mikono miwili mirefu inayokutana penye kona, nalo huishia miraba miwili kukabiliana na uso mmoja, jambo lisilowezekana. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa maneno yake kwa nini moja kati ya hayo manne haliwezi kukunjwa amekwisha kuhamia ngazi ya pili, na pengine ameichungulia ya tatu. Waache wajieleze kwanza kwa Kiswahili kwa sababu ndicho wanachobishania, kisha waandike kwa Kiingereza watakachotahiniwa nacho. Wale wepesi watakaomaliza mapema wape miraba 6: yako maumbo 35, na kati yake 11 tu ndiyo mchemraba uliokunjuliwa.

Kuhusu kukosa maumbo ya mbao, sikuonei huruma sana, kwani maumbo ya kununuliwa yana kasoro ya kuwa yamekwisha kutengenezwa. Lililo muhimu ni kwamba kuna aina tatu za vielelezo na kila aina inaonyesha kitu ambacho nyingine inakificha. Sanduku la karatasi linaonyesha nyuso. Vijiti vya mishikaki vilivyoungwa kwa vidonge vya udongo vinaonyesha kingo na vipeo, nao mtoto anaona kupitia ndani na kuelewa kwa nini mchoraji hutumia mistari ya vidoti kwa kingo za nyuma. Kitu kilichojaa, kama kiazi, kinaonyesha yaliyomo. Darasa linalotumia aina moja tu litakuwa na pengo. Ukishapata vijiti na masanduku, waache wajaze jedwali la vipeo, kingo na nyuso za mche wa pembetatu, piramidi, mchemraba na mengineyo, waangalie kama wataugundua wenyewe uhusiano ambao Leonhard Euler aliuandikia mwenzake Goldbach mwaka 1750: vipeo ukitoa kingo ukiongeza nyuso ni 2.

Kiazi kina habari yake. Chonga mchemraba wa sentimita 4 kwa kila ukingo, na kisu kikae mkononi mwako wewe. Waulize: nikiukata mara moja kwa kisu kilichonyooka, uso mpya utakaoonekana unaweza kuwa na umbo gani? Mraba na mstatili watavitaja mara moja. Ukikata kona moja utapata pembetatu, na ukiikata kwa kupima masafa sawa kutoka kwenye kipeo, pembetatu yenye pande zote sawa. Pembetano hupatikana kwa kuinamisha kisu zaidi. Halafu wawekee alama ya wino katikati ya kingo 6, zile zisizogusa vipeo viwili unavyovichagua vinavyokabiliana kwa ulalo wa ndani, na ukate kupitia alama zote sita. Watakachokiona ni pembesita kamili, kila upande karibu sentimita 2.8. Darasa hupiga kelele hapo. Kelele zikitulia, uliza kama pembesaba inawezekana, na usiwajibie. Mchemraba una nyuso 6, kisu kinaacha mstari mmoja tu juu ya kila uso kinaoupitia, basi wamalizie wenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Gredi ya 9. Tukipewa umbo na kuambiwa tulichore linavyoonekana kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka juu, mimi huchukua muda mrefu sana, lakini rafiki yangu wa kiume analiona mara moja. Wanafunzi wenzangu wanasema wasichana hatuwezi mambo haya. Ni kweli? Mwanafunzi, Majengo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli. Katika majaribio ya kuzungusha maumbo akilini wavulana kwa wastani wamekuwa wakipata alama zaidi, lakini wastani haukuhusu wewe binafsi, na mazoezi huwapandisha wote wawili. Katika Chuo Kikuu cha Michigan Technological huko Marekani, kuanzia mwaka 1993, Profesa Sheryl Sorby aliendesha somo la kuwanoa wanafunzi wa uhandisi waliokuwa dhaifu katika jambo hili hili. Walichora kwa mkono, wakajenga kwa vipande, wakachora tena, na alama zao zikapanda, wakiwemo wasichana wengi ambao pengine wangeuacha uhandisi.

Na huo muda mrefu usikutie aibu. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler waliwaonyesha watu picha za jozi za maumbo yaliyojengwa kwa vijisanduku na kuwauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa. Kadiri umbo lilivyokuwa limegeuzwa kwa pembe kubwa zaidi, ndivyo majibu yalivyochukua muda zaidi, kwa utaratibu ule ule. Yaani hata anayejibu upesi huligeuza umbo hatua kwa hatua. Rafiki yako naye analigeuza; amezoea tu.

Njia ya kujizoeza ni hii. Usijaribu kuligeuza umbo zima. Chagua kijisanduku kimoja kilichochomoza, ukifuate hicho peke yake kinapokwenda, kisha uwapange wenzake kukizunguka. Unapochora zile sura tatu, kumbuka zinafungana: sura ya mbele na ya juu zina upana mmoja, ya mbele na ya ubavuni zina kimo kimoja, ya juu na ya ubavuni zina kina kimoja. Sura moja ikikataa kulingana na mwenzake, kosa liko hapo, huna haja ya kulitafuta kwingine.

Ukishaweza kutoka kwenye umbo kwenda kwenye sura, rudi kinyume, ambako ndiko kugumu na ndiko kunakojenga. Jaribu hili: sura ya juu ni mraba wa vijisanduku viwili kwa viwili, sura ya mbele ni mraba wa viwili kwa viwili, na ya ubavuni pia. Je, umbo lina vijisanduku vingapi? Andika jibu lako kabla hujaendelea kusoma.

Wengi huandika 8. Vinaweza kuwa 8, lakini vinaweza pia kuwa 7, au hata 6: weka vinne chini, kisha viwili juu kwenye kona zinazokabiliana kwa ulalo. Kutoka mbele kila safu inaonekana ina vimo viwili, na kutoka ubavuni vivyo hivyo, ijapokuwa kona mbili ziko wazi. Vitano havitoshi, jithibitishie kwa nini. Kisha mpe rafiki yako swali hili, umtazame atachukua muda gani.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu mzima, nashona kofia hapa Mji wa Kale. Mjukuu wangu yuko Gredi ya 7 na hunisaidia jioni. Mama yake ananilaumu kwamba namharibia muda wa kusoma hesabu. Hebu tuamue. Bibi wa kofia.

JIBU: Shikamoo Bibi. Mimi sitaki kumgombanisha mama na mwana, ila kwa hili niko upande wako, kwa sharti moja: kila jioni mjukuu aulizwe swali kabla sindano haijaingia.

Kofia ni silinda iliyokosa sakafu. Ina duara la juu na ukanda wa pembeni, na ukanda huo ukiufumua na kuulaza ni mstatili. Wanafunzi wengi wa Gredi ya 9 hawaamini kwamba ubavu wa silinda ni mstatili, kwa sababu wameambiwa tu. Mjukuu wako ameushika. Kichwa kikiwa na mzingo wa sentimita 56, ukanda nao uwe wa sentimita 56, ukiacha akiba ya mshono, na duara la juu liwe na kipenyo gani ili vikutane bila kukunjana wala kupungukiwa? Akigawanya 56 kwa pai atapata karibu sentimita 17.8. Kabla ya kugawanya, akisie kwa macho na akate duara la gazeti. Karibu kila mtu hukata kubwa mno.

Yapo pia ya ulinganifu, ambayo wewe huyafanya bila kuyaita kwa jina. Ua la ukandani likiwa na upana wa sentimita 7 litajirudia mara 8 na kukutana vizuri penye mshono. Likiwa la sentimita 6 litabaki na pengo la sentimita 2, na kofia itachekwa. Juu, ua likijirudia mara 8 kuzunguka kitovu, kila moja limegeuka nyuzi 45 kutoka kwa jirani yake. Muulize mjukuu: tukitaka maua 12 yatakaa kwa nyuzi ngapi? Na tukiyataka 7? Hapo atagundua kwa nini 7 ni taabu kwa fundi. Mama yake akiyasikia maswali hayo, lawama zitapungua.

SWALI: Je, programu za simu za kuonyesha maumbo zinafaa, au ni upotezaji wa bando? Mzazi, Nyali.

JIBU: Zinafaa, kwa kiasi. GeoGebra ni ya bure, ina sehemu ya maumbo ya vipimo vitatu, na mtoto anaweza kuuzungusha mche kwa kidole au kuukata na kuona uso unaojitokeza, jambo ambalo kwa kiazi huwezi kulirudia mara ishirini. Ila simu humfanyia mtoto kazi ya kuzungusha. Simu iwe imelazwa kifudifudi mpaka kisio liandikwe, na ije baada ya mtoto kushika na kukunja kwa mikono yake mwenyewe.

SWALI: Nawafundisha Gredi ya 7 na ya 8 huko Tudor. Nataka kuwatoa darasani siku moja kwa ajili ya jiometri. Mombasa kuna nini cha kuwaonyesha zaidi ya kutembea tu? Mwalimu, Tudor.

JIBU: Mwalimu, una mji ambao umejaa maswali ya mtu amesimama wapi na anaona nini, na hilo ndilo wanafunzi wa rika hili wanalolihitaji: kujua kwamba umbo ni moja na sura zake ni nyingi. Yale Mapembe ya Ndovu ya Moi Avenue kila mwanafunzi amepita chini yake. Kabla hamjatoka darasani waambie wachore mara tatu: anavyoyaona dereva anayeyakaribia, anavyoyaona mwenye duka aliye kando ya barabara, na ambavyo yangeonekana kutoka juu kabisa. Mchoro wa kwanza wataupata, maana wanaijua ile herufi M. Wa pili na wa tatu utawakera. Wapelekeni wakasimame pale kwenye njia ya miguu na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kufuta mchoro wa mwanzo.

Fort Jesus ina zaidi. Ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno, na wageni hupenda kusikia kwamba ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Wanafunzi wako wasionyeshwe ramani hiyo mapema. Wazunguke ukutani wakihesabu hatua na kukadiria pembe kila wanapokata kona, kisha kila kundi lichore ramani yake kwa skeli, tuseme sentimita 1 kwa hatua 10. Ramani nyingi hazitafunga: mwisho hautakutana na mwanzo. Hilo ni jema, kwa sababu sasa watajua kuna pembe waliyoikadiria vibaya na watarudi kuitafuta.

Kisha waulize kwa nini kona zile nne zimechomoza nje namna ile badala ya kuwa za nyuzi 90 kama za nyumba. Mwanafunzi mmoja asimame kwenye kona iliyochomoza, mwingine atembee nje akiambaa na ukuta wa jirani, na wa tatu aandike ni wapi anapotea machoni pa aliye juu. Wakilinganisha na kuchora kwenye karatasi ngome ya mstatili mtupu, na mistari ya macho kutoka kila kona, wataona wenyewe sehemu ambazo adui angejificha chini ya ukuta, na kwamba kona zilizochomoza zinazifuta. Mwombe msimamizi ruhusa ya kupanda na kundi dogo dogo, na mwanze asubuhi, kwa maana kufikia saa sita jua la juu ya kuta zile halimruhusu mtoto kufikiri pembe wala mstari.